Mama Hajui Kwamba Niliingia Baharini

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo mama yangu anakuja kula makluba, wali wa nyama wa kupindua, kwetu na sebuleni kuna picha ambayo akiiona sijui nitamwambia nini. Tunaishi Akaba, na tangu kaka yangu Firas afe maji, mama alituapisha tusiingie baharini, nami nimetii mpaka nimekuwa mtu mzima na watoto wawili, katika mji ambao kila mtoto anajua kupiga mbizi.

Mume wangu Nidhal alitaka picha ya familia chini ya maji, akampata Sawsan, mwanamke anayepiga picha hizo kwenye matumbawe, naye akamfundisha kwanza mwanangu Yazan kubana pumzi mpaka akazoea. Mimi nilikubali kukaa ufukweni na mataulo. Basi Nidhal akazama na Yazan na binti yetu Tala, nikatazama maji yametulia, hakuna kichwa hata kimoja, wala sikufikiri, nikakimbilia majini na gauni langu na viatu, mara miguu ikakosa pa kukanyaga, nikazama.

Mshauri, nilipofumbua macho nilimwona Yazan mbele yangu amenishika mkono, mashavu yamejaa hewa, anacheka, na hofu yote ikanitoka. Nidhal akanipandisha juu. Mtoto akaniambia, "Mama, si ungesubiri tu? Tulikuwa tunapigwa picha." Sawsan naye akasema, "Mama Yazan, ungeniambia unakuja ningekupa miwani." Nikacheka mpaka nikalia.

Picha iliyotundikwa sebuleni ndiyo aliyoipiga Sawsan wakati ule, mimi na Yazan chini ya maji. Dada yangu anasema niifiche, Nidhal anasema nisiiguse, na kinachoniumiza zaidi ni kwamba nimefurahi, natamani kurudi majini, tena naona kama namsaliti Firas. Nifanyeje?

Mama Yazan, Akaba

*

Mama Yazan, alhamdulillahi mmetoka wote wazima. Sasa nikugombeze kidogo. Hujui kuogelea, unajitupa kwenye kina na gauni lako! Nidhal angekuwa mbali, mama yako angezika mtoto wa pili. Naye Nidhal alijua unaogopa, akakuacha peke yako ufukweni bila mtu wa kukwambia watazama kwa muda gani. Mwambie nimesema.

Kuficha picha hakusaidii. Yazan atamsimulia bibi yake kabla hajakaa kitako. Nenda kwa mama Alhamisi, peke yako, na picha uiache nyumbani. Mweleze kwa kinywa chako, uanze na habari kwamba watoto ni wazima, kisha ndipo useme uliingia majini. Akikufokea, usijitetee. Akilia, kaa naye. Asipotaka kuiona picha, Ijumaa ihamishie chumbani kwenu, makluba iliwe kwa amani, na Nidhal asinune.

Furaha yako si usaliti. Ulidhani umempoteza mwanao, ukamkuta anacheka. Nani asingefurahi? Ila usirudi majini kabla hujajifunza kuogelea. Mwombe huyo Sawsan akufundishe, aanze nawe pale maji yanapokufika magotini.

Na mama akikuuliza ilikuwaje kule chini, usimfiche. Mwambie kulikuwa na mwanga, na hukuogopa. Tangu Firas aondoke, nadhani hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.