Mikono Minane Kwenye Vumbi

Kinondoni, Jumapili, 14 Agosti 1955

Kaka Rajabu,

Upepo mkavu umevuma tangu asubuhi na anga imekuwa nyeupe kama bati jipya. Nimeoga mara mbili na bado nina vumbi la Bunju masikioni. Nisamehe mwandiko. Wewe ulikuwa ukiucheka hata nilipokuwa nimetulia.

Leo wameshindana tena magari shambani kwa Bwana Kosta. Na mie ndiye niliyewaongoza, kama mwaka jana.

Sikutaka. Ijumaa alinikuta naosha pikapu akasema, "Idi, Jumapili utaongoza." Hakuniuliza, aliniambia tu. Nikajibu ndiyo bwana, kwa sababu ni miaka sita sasa naendesha pikapu yake, na ufunguo wake ndio unaomlisha mama, na shemeji Mwanahawa, na wanao wawili.

Naandika utaratibu wote hapa, ingawa wewe unaujua kuliko mie. Siku moja wanao watasoma daftari hili, na nataka waelewe.

Barabara ya mashindano inazunguka kitalu kimoja cha mkonge, pembe nne, inaanzia mbele ya kiwanda na kurudi pale pale. Magari hayaanzi yakiwa yamesimama. Yanapangwa mawili mawili, yanaifuata pikapu polepole mzunguko mzima, na hakuna anayeruhusiwa kuipita. Kwenye kona ya mwisho mstari wote unajipinda, na dereva wa pikapu akigeuza kichwa anauona wote kwa ubavu. Hapo kila mshindani anatoa mkono wake wa kulia dirishani. Maana yake ni moja: nimekaa mahali pangu, sitaongeza mwendo mpaka bendera ishuke. Mimi nahesabu mikono. Ikitimia, natoka barabarani, Bwana Kosta anashusha bendera, na wao wanaondoka. Isipotimia, nawazungusha tena.

Ni adabu tu. Haikuandikwa popote. Lakini walio nyuma hawaoni kitu kwa vumbi, wanaiamini adabu hiyo kama kipofu anavyomwamini anayemshika mkono.

Sasa nitaandika lile ambalo sijamwambia mtu.

Mwaka jana yalikuwa magari kumi. Wewe ulikaa kama fundi katika gari la nne mstari wa kushoto, ukitafuna karanga na maganda yake, kama kawaida yako. Kwenye kona ya mwisho niligeuka nikahesabu. Vumbi lilikuwa zito. Bwana Kosta alikuwa amesimama juu ya pipa, ananipungia kwa nguvu nitoke, jua lilikuwa kali na wageni wake walikuwa wamechoka kungoja.

Niliona mikono sita.

Nikatoka.

Bwana Pitman, yule wa gari la kijani, alikuwa mbele kabisa. Alikimbia kidogo, akakanyaga breki ili wenzake waogope, halafu akakimbia tena. Huo ndio mchezo wake. Wa mbele akigusa breki kwa kidole, wa nyuma anakanyaga kwa miguu yote miwili. Magari yakagongana kule nyuma; mengine unayajua, ulikuwamo. Afisa aliyekuja kuuliza aliandika kwamba ilikuwa vumbi. Mama anaamini ilikuwa vumbi. Watu walikuja matangani wakanishika bega wakasema pole, ni vumbi, ni kudra ya Mungu. Nikaitikia.

Mwaka mzima nimeitikia.

Leo yalikuwa magari manane. Bwana Pitman yule yule mbele, kwenye gari la kijani lile lile. Nyuma kabisa alikuwa rafiki yako Athumani na teksi ya tajiri wake, ameruhusiwa kwa kuwa washindani walipungua. Alinipita nikiwa napima maji ya rejeta akasema, "Idi, mbona umekauka hivyo? Wewe ndiye unayekwenda polepole kuliko sote."

Nikacheka.

Mzunguko wa kwanza nilihesabu mikono mitano. Nikaendelea. Nilimwona Bwana Kosta juu ya pipa lake ameshanyanyua bendera, akaishusha taratibu, akaitazama pikapu ikimpita. Mzunguko wa pili, mikono saba. Ule uliokosekana ulikuwa wa mbele kabisa. Bwana Pitman alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anaacha nafasi, anaijaza kwa ghafla, anaacha tena. Nyuma yake mstari ulikuwa unavutika na kujibana, unavutika na kujibana. Teksi ya Athumani ilikuwa inatokea vumbini na kumezwa tena.

Tulipopita kiwandani mara ya pili Bwana Kosta alinipungia. Ule ule mpungo, kaka. Mkono wote, kutoka begani.

Sikutoka.

Mzunguko wa tatu Bwana Pitman alifanya jambo ambalo hajapata kulifanya mtu. Alikuja ubavuni mwangu. Bonneti ya kijani ikalingana na mlango wangu, naye akapiga kelele kwa kile Kiswahili cha Wazungu.

"Wewe! Toka njia! Nataka nini wewe?"

Niliusogeza usukani kidogo kidogo mpaka pikapu ikakaa katikati ya barabara. Alibaki na mawili, kunigonga au kurudi nyuma. Jasho lilinitiririka mpaka kiunoni. Nilikuwa namfikiria Athumani kule nyuma, haoni chochote, anaamini kwamba huku mbele kuna watu wazima.

Alirudi nyuma. Kwenye kona nikahesabu. Saba.

Hakuna anayesema gari la kuongoza linaweza kusimama. Hakuna anayesema haliwezi. Nilitoa mkono nje nikaupandisha na kuushusha, kama tulivyofundishwa kuonyesha kwamba napunguza mwendo, nikapunguza, nikapunguza, na mbele ya kiwanda, mbele ya wageni wote na miavuli yao, nikazima injini.

Nikashuka. Nikatembea mpaka kwenye gari la kijani.

"Bwana, sijauona mkono wako."

"Mkono yangu?"

"Ndiyo, bwana. Wenzako saba nimewaona. Wako bado."

Alisema maneno ya kwao. Sikuyaelewa yote, na niliyoyaelewa siyaandiki. Nikabaki nimesimama. Rejeta zilikuwa zinatokota. Ndipo sauti ya Athumani ikatoka nyuma kabisa vumbini.

"Idi! Gari langu linachemka kama chungu cha pweza! Hapo mbele umefungua duka?"

Wafanyakazi wa kiwandani waliangua kicheko. Hata mabwana wawili wa mstari wa pili walicheka, na mmoja akampigia honi Bwana Pitman. Yeye akawa mwekundu shingoni. Nikarudi kwenye pikapu bila kugeuka, nikawasha injini.

Mzunguko wa nne. Upepo ulisogeza vumbi upande wa bahari, na pale konani niliwaona wote.

Nilianzia nyuma, kwa Athumani. Mkono wake ulikuwa wima kama wa mtoto anayejua jibu. Nikaja mbele, mmoja mmoja, huku midomo inanicheza. Saba. Halafu dirisha la kijani. Ulitoka mkono umelegea, vidole vinaning'inia kama vya mtu anayekung'uta maji.

Mkono ni mkono. Minane.

Nikatoka barabarani, miiba ya mkonge ikakwaruza mlango wa pikapu. Yakanipita mawili mawili, karibu sana, na nikafumba macho. Nilikuwa nasikiliza ule mlio wa chuma. Unaujua. Nilingoja mpaka kelele ikafika kona ya kwanza, ikafika ya pili, ikaanza kurudi upande wetu. Mlio haukuja.

Nililia kidogo mle ndani. Usinicheke.

Bwana Pitman ameshinda. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Athumani amekuwa wa sita, na anajisifu kama wa kwanza.

Kisha Bwana Kosta akaniita nyuma ya kiwanda. Amekulia nchi hii, Kiswahili chake ni safi kuliko cha wengi wetu.

"Umeniaibisha mbele ya wageni wangu, Idi. Nilikupungia."

"Uliponipungia mwaka jana nilikuwa nimeona mikono sita, bwana. Nikatoka."

Ndiyo mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwangu. Nilitazama chini. Niliiona bendera mkononi mwake, akaanza kuizungusha kwenye fimbo yake, polepole, mpaka ikaisha yote. Nadhani alikuwa na neno, lakini halikuwa la kumwambia dereva wake.

"Nipe ufunguo," akasema.

Nikampa.

Athumani ndiye aliyenirudisha mjini. Njia nzima alikuwa anasema, kwa kuwa aliona mie siwezi. "Kesho njoo kituoni kwetu, utaita abiria. Ila usiwaambie wanyooshe mikono kwanza, watakwenda kwa miguu." Tulipofika Kinondoni alizima gari. Halafu akasema, "Kule nyuma sikuwa naona hata pua yangu, Idi. Ahsante." Akaondoka.

Mama alikuwa amelala. Nashukuru, maana kumwambia yeye bado sijaweza. Mwanahawa alikuwa uani anapeta mchele. Nilikaa kwenye kinu kilicholazwa, nikamwambia yote, ya mwaka jana kwanza. Sikuweka vumbi ndani yake. Nikamwambia sita, nikamwambia nilitoka.

Ungo ulisimama.

Chuya zilikuwa zimerundikana upande mmoja, kuku wanasogea na yeye hawafukuzi. Nilitaka anitukane. Nilitaka anifukuze. Akasema, bila kuniangalia:

"Na leo?"

"Minane."

"Yote?"

"Yote, shemeji."

"Na kazi?"

"Wamechukua ufunguo."

Akapeta mara mbili, tatu. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Sijui kama nimekusamehe," akasema. "Nitakuambia nikijua. Sasa nenda kachote maji, jua linazama."

Nikachota. Ndoo nne. Sijapata kuchota maji kwa furaha na kwa uchungu namna hii.

Kesho nitamwambia mama, akishakunywa uji, maana baada ya uji huwa na nguvu. Kisha nitakwenda kutafuta kazi. Naogopa yote mawili, la mama zaidi.

Kaka, sikuombi unisamehe, maana hata aliye hai bado hajajua kama ataweza. Sita ilikuwa yangu, na minane ni yangu pia. Nakuomba moja tu. Huko uliko, ukinikumbuka, usiache hesabu yoyote nje, si ya sita wala ya minane.

Unikumbuke.

Mdogo wako,
Idi