Sauti ya Upande wa Kushoto

Jumamosi, 1 Machi 2025

Gari limeinuliwa! Kimeli na Nasir wameshinda nalo tangu asubuhi, wakabadilisha springi na shoki za mbele, wakaweka ndefu. Nasir ndiye fundi wetu, mtu wa Bondeni, mdomo haukauki utani. Anamwita mume wangu afande mpaka leo, ingawa Kimeli alishatoka jeshini.

Pikapu sasa iko juu kweli. Mtoto wetu Lynn hawezi kupanda bila kubebwa. Amepandishwa na kuteremshwa mpaka akachoka kucheka.

Ni kwa sababu ya Ndabibi. Barabara ya kwenda kwa Nyakio ilikuwa inakwaruza gari tumboni — hiyo ndiyo sababu Kimeli ametoa kila mara. Nyakio ni mjane wa Muiruri. Muiruri na Kimeli walikuwa gari moja siku ile ya bomu lililotegwa barabarani, huko ng'ambo ya mpaka. Muiruri alizikwa Kimeli akiwa bado hospitalini. Mwaka umepita na zaidi, hajakanyaga kwa Nyakio. "Gari likiinuka tutaenda," alisema. Haya, limeinuka. Jumamosi ijayo.

Leo alipiga mluzi akinawa mikono. Sijamsikia akipiga mluzi tangu arudi.

Jumapili, 2 Machi

Baada ya kanisa tulijaribu gari hapa Lanet, sisi watatu. Tuta la kwanza tu — kwiii! Kama kitanda kikuukuu. Tuta la pili, tena. Kimeli akasimama palepale katikati ya barabara. Nikafungua mlango nishuke nikaangalie.

"Kaa ndani! Usishuke!"

Alinishika mkono kwa nguvu hata Lynn akaanza kulia. Akashuka yeye. Lakini kwanza alifungua mlango, akaiangalia ardhi. Akaiangalia muda mrefu, ndipo akaweka mguu. Nyuma magari yanapiga honi.

Aliporudi akasema pole. Pole, Mama Lynn, pole sana. Ati sauti inatoka mbele, kushoto.

Alama za vidole vyake ziko mkononi mwangu. Kesho nitavaa sweta dukani kwangu.

Jumatano, 5 Machi

Nasir alikuja. Amefunga Ramadhani, midomo imekauka, lakini akaingia chini ya gari vilevile. Amepata! Anasema bolti za mikono ya chini, vile vyuma vinavyoshika magurudumu, zilikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia hewani. Gari likishuka chini raba zake zinajisokota, ndiyo hizo zinalia. Akazilegeza, akashusha gari likae kwa uzito wake, akakaza upya. "Hilo kosa langu, afande. Nilikuwa na haraka."

Tukazunguka mtaa. Kimya kabisa. Kimeli akampa mkono, akamshika bega.

Jioni nilikuwa namalizia sare za shule hapa nyumbani. Kimeli akaja mlangoni, akaniuliza kwa upole kama naweza kusimamisha cherehani. Nikasimamisha. Akasimama pale akisikiliza. Sijui alikuwa anasikiliza nini, maana hakukuwa na kitu tena cha kusikia.

Jumamosi, 8 Machi

Hatukufika.

Nilipika chapati, nikanunua unga na sukari na blanketi ya Nyakio. Tulitoka mapema. Mpaka Mbaruk Kimeli alikuwa sawa, anaongea hata. Lynn anahesabu pundamilia nyuma ya waya. Nikajiambia, yameisha.

Karibu na Gilgil kuna matuta. Ko! Ko! Chuma kwa chuma. Nilisikia mwenyewe, si mambo ya kuambiwa. Kimeli aligeuka rangi. Akatoa gari pembeni. "Msishuke. Mtu asishuke." Akalala chali kwenye vumbi, malori yanapita karibu na miguu yake, gari zima linatikisika kila lori likipita. Lynn akaniuliza kama Dadi atakanyagwa. Nikamwambia hapana. Ningejuaje?

Aliporudi hakujipangusa hata vumbi. Akageuza gari, tukarudi.

Nilimpigia Nyakio. Alikuwa amechinja kuku. Nikamweleza gari lina shida mbele. Akasema gari ni gari, mtakuja siku nyingine. Kabla ya kukata akasema, "Mwambie si lazima aje kama hataki." Sijamwambia.

Jumatatu, 10 Machi

Sauti ya pili imepatikana. Nasir anasema ukiinua gari, kile chuma cha kuzuia lisilale kwenye kona kinabaki kimevutwa vibaya. Kiungo chake cha kushoto nati ilikuwa imelegea, kinagonga. Amekishusha kwa vipande alivyochomelea, amekaza. Tukaenda kwenye matuta yaleyale ya hapa mtaani. Kimya! Nikapiga makofi.

Kimeli alikuwa kiti cha nyuma, macho amefumba.

"Bado," akasema.

Nasir akanitazama. "Wapi, afande?"

"Mbele. Kushoto."

Nasir akatuendesha polepole kando ya ukuta wa shule ya mtaani, madirisha yote wazi — ati ukuta unarudisha sauti, hata ndogo. Twende, turudi. Mimi nasikia tairi na kuku wa watu. Nasir akasema kwa heshima kwamba hasikii kitu. Kimeli akafungua mlango gari likitembea bado. "Mnanifanya mjinga." Akarudi nyumbani kwa miguu, akiangalia chini.

Nasir hakutania hata mara moja leo.

Alhamisi, 13 Machi

Kutwa yuko chini ya gari. Sifungui duka mpaka nimsaidie kwanza. Mimi nakaa kwenye usukani, naugeuza kushoto, kulia, kushoto, kulia, naye ameweka kiganja kwenye kila kiungo, kimoja kimoja, apate kuhisi kinachogonga. Si upuuzi — Nasir pia hufanya hivyo. Lakini Nasir hufanya mara moja.

"Umesikia hiyo?" aliniuliza kutoka chini.

Nikasema, "Nimesikia."

Sikuwa nimesikia chochote. Akatoka chini, mafuta usoni, akanitazama kama mtu aliyekuwa na kiu akapewa maji. "Si nilisema? Si nilisema, Wawira?" Nusura alie.

Nimefanya nini? Sasa tuko wawili.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Kesho ilikuwa twende Ndabibi, hakuna aliyetaja.

Jumapili, 16 Machi

Nimeenda kanisani na Lynn, mimi nikiendesha. Kimeli hakutaka kutoka. Tuliporudi, Lynn akabaki kwa rafiki yake nyumba ya pili, nikaenda peke yangu kutafuta mboga.

Nilikuwa nakata kona polepole. Tak.

Mbele. Kushoto.

Sikusingizia. Nilisikia! Nikasimama, nikazima redio. Nikaenda kidogo, nikakata kona tena. Tak. Au ni moyo wangu? Nikafungua mlango nishuke — na nikajikuta naangalia lami. Natafuta. Natafuta nini hapa Lanet? Mguu umekataa kushuka.

Mama mmoja mwenye parachichi akaniita, "Mathe, umeangusha kitu?"

Nikamwambia ndiyo. Pete.

Jumanne, 18 Machi

Nimempelekea Nasir gari bila kumwambia Kimeli. Alilipandisha juu, akakagua kila kitu, akatumia hata lile bomba analoweka sikioni kama daktari. Alichukua muda mrefu sana. Hakuna. Raba nzima, bolti zimekaa, viungo havichezi. Nikamwambia lakini nilisikia, Jumapili, kwa masikio yangu. Akafuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Mama, nikuulize kitu. Lile gari lao la kule… lilikuwa na sauti?"

Sikujua. Miaka yote hii ya kuishi na Kimeli, na sikuwahi kuuliza kitu chochote kuhusu siku ile. Nilidhani ndiyo heshima.

Jioni nikamkuta anaosha magurudumu. Nikamuuliza hivyohivyo, nimesimama na ndoo. Muiruri alisikia kitu?

Aliendelea kuosha. Halafu akasema, bila kuniangalia, kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Muiruri alikaa kushoto. Tangu asubuhi Muiruri alikuwa anasema kuna kitu kinagonga mbele upande wake. Kimeli hakusikia. Wakabishana, wakataniana. "Akasema mimi ni kiziwi. Nikasimamisha gari ili anyamaze tu. Akashuka aangalie. Alikuwa bado anacheka."

Akaminya kitambaa mpaka maji yakaisha.

"Mimi sikusikia kitu, Wawira. Sijui kama ilikuwako. Kama ilikuwako, basi nilisimama kwa sababu. Kama haikuwako…"

Nikaweka ndoo chini. Nikataka kumshika, nikaogopa kumshika vibaya, nikaishia kushika gari.

Baadaye akaniambia jambo la mwisho. Nyakio aliambiwa gari lilikuwa linatembea. Kwamba hakuna aliyeshuka. Aliyemwambia alifikiri itakuwa rahisi kwake hivyo. Kimeli alikuwa kitandani hospitalini, akasikia kwamba ndivyo alivyoambiwa, akaacha ikae.

Ndiyo maana barabara ya Ndabibi imekuwa mbaya mwaka mzima.

Alhamisi, 20 Machi

Leo hajaingia chini ya gari. Ameketi ndani yake, injini imezimwa, madirisha yamefungwa. Nilimpelekea chai, akashusha kioo. Akaniuliza kama nilisikia kweli siku ile, au nilimhurumia.

Nikamwambia siku ya kwanza nilikuhurumia. Jumapili, peke yangu, nilisikia.

"Na sasa?"

"Sasa sijui."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la haki. Akanywa chai yote.

Jumamosi, 22 Machi

Ndabibi. Naandika jikoni kwa Nyakio, kalamu ya Lynn.

Asubuhi nilidhani amelala, kumbe ameshapakia unga na blanketi. Akasema, "Twende hivyohivyo." Na sauti? "Na sauti yake."

Matuta ya Gilgil aliyapita polepole, moja baada ya jingine. Hakusimama. Naivasha hakusimama. Tukafuata ziwa, tukapita Kongoni, lami ikaisha. Mvua ya juzi imekata barabara vipande, kuna mahali tope lilikuwa kama uji. Gari lilipita juu ya yote, halikugusa chini hata mara moja. Kazi nzuri Nasir.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Sisikii." Na ilikuwa kweli.

"Mimi nasikia," akasema. Akaendelea kuendesha.

Tulipofika langoni akazima injini. Nikashika mkono wa Lynn, nikageuka kumwambia Kimeli kitu, nikakuta mlango wake uko wazi na yeye hayupo. Ameshaingia chini. Mbele, kushoto. Buti mbili tu zinaonekana.

Nyakio akatoka shambani na udongo wa viazi mikononi, anajifuta kwa leso. Amekonda. Akanikumbatia kwa viwiko asinichafue, akamwinua Lynn kidevu, akasema amekuwa mrefu. Halafu macho yake yakaanza kutafuta. Nikamwonyesha buti.

Alisimama muda akiziangalia. Ni buti za jeshi, zile zile za kila askari, kama za Muiruri, nadhani ndizo alizoziangalia. Nilitaka kumwombea msamaha, niseme ni safari, ni uchovu, ni gari hili. Akanipita. Akaenda akakaa kwenye nyasi mbichi karibu na gurudumu.

"Shemeji," akasema. "Gari imeharibika?"

Kutoka chini: "Kuna sauti."

"Sauti gani?"

Nikasikia spana ikiwekwa chini, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Nikamshika Lynn nikamleta huku jikoni, tukachochea moto, tukaweka maji.

Kutoka dirishani nawaona. Mwanzoni Nyakio alikuwa ameketi wima, leso imefunika magoti. Kimeli anaongea. Simsikii, lakini buti zinasogea kidogo, zinatulia, zinasogea. Kuna wakati Nyakio aliinua kichwa ghafla akaangalia barabara tuliyojia, nikadhani atasimama aondoke. Hakusimama. Aliuliza kitu, neno moja au mawili. Akauliza tena.

Sasa amelala. Amelala ubavu kwenye tope, kitambaa cha kichwa kimeanguka, na ameingiza kichwa na bega chini ya gari pale alipo Kimeli. Simwoni uso. Simwoni hata mmoja wao. Miguu tu — buti zake na ndara za Nyakio.

Chai imechemka, imemwagika kwenye moto. Lynn anauliza kama aende kuwaita. Nimemwambia angoje. Anauliza mpaka lini.