Hamira ya Mama

Minesota, 3 Oktoba 1871

Dada Ragnhild,

Shikamoo. Katika Wanorwei wote wa huku, hakuna mwenye bahati kama mdogo wako. Ile hamira ya Mama uliyonikaushia kwenye pete ya mti, ile ya kuanikia hamira, ilivuka bahari nzima, na sasa majirani wanakunywa pombe yangu ya shayiri wakinisifu kama mfalme. Mke wangu Ingebjørg hajambo, kanenepa. Ng'ombe kazaa mapacha.

Nina maswali, maana kunywa najua kuliko kupika. Mama akitia hamira alipiga ukelele wa kufukuza mashetani. Je, alipiga mara moja au tatu? Mimi hupiga saba, hata kuku wamegoma kutaga. Na matawi ya mreteni, yale ya kunukisha pombe, aliyatia kabla ya maji kuchemka, au baada?

Nauliza kwa sababu ya jirani yetu Bibi Guro, mzaliwa wa Voss kama sisi. Yuko kitandani, hatainuka tena. Ameomba kitu kimoja tu, aonje pombe ya kwao kabla hajafa. Nikampelekea bakuli. Akaonja, akanikazia macho.

"Sjur, mjukuu wangu, umenikojolea humu?"

"Bibi, hiyo ni hamira ya Mama."

"Mama yako nilimjua. Huyu si yeye."

Dada, nikatie kipande cha hamira yako, ukifunge kwenye kitambaa kikavu, ukitume kwa meli ya kwanza. Bibi nimemwomba angoje, kasema atajaribu. Uliyonipa iliota ukungu melini, nikaitupa baharini. Ninayopikia ni ya dukani. Nilikudanganya.

Mdogo wako,
Sjur