Matangazo Yangu ya Kuuza Shamba

Ogembo, Alhamisi, 1972

Kumbe ni mama mkwe wangu anayeniletea wateja! Leo kila aliyekuja nimwandikie tangazo la kuuza shamba nilimwuliza nani amemtuma kwangu. Wote walimtaja yeye. Nilifurahi, nikamnunulia sukari.

Kabla sijampelekea, akaingia mteja wa juzi, Mzee Onduko, amejaa hasira.

"Umeniharibia! Mnunuzi amekuja na pesa mkononi!"

"Si ndivyo ulivyotaka, mzee?"

"Wanaotaka kuuza ni vijana wangu. Mimi nilitaka wanyamaze tu. Mama mkwe wako alisema tangazo ukiliandika wewe, hata jirani hanunui."

Ile sukari haiendi kwake ng'o.

Na tangazo la mzee nilikuwa nimejitahidi kweli. Sasa nikizidi kuandika vizuri, watoto wangu watakula nini?