Atakaa au Atasimama

Tarehe 9 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, hata kama bado hujaniamkia, maana najua ungeniamkia. Habari za masomo, na habari za kile kifua kilichokuwa kinakubana wakati wa baridi? Sisi huku wazima. Mama yako mzima, mke wangu mzima, mimi mwenyewe mzima kupita kiasi. Jana nimebeba kochi la watu watatu peke yangu, na mteja alikuwa bado amelikalia.

Nakushukuru kwa kuniandikia barua kama nilivyotaka. Simu siipendi, huwezi kuibandika ukutani. Masomo yako yote nimewasomea wateja. Wakisubiri gundi ya sponji ikauke hawana kazi, kwa hiyo nawaelimisha. Nimewaeleza Miundo ya Data, kwamba ni namna ya kupanga vitu ili ukivitaka usivitafute. Mitandao ya Kompyuta nimeieleza mpaka mwenye duka la viatu akatokwa na jasho. Kanzidata sikuielewa vizuri, kwa hiyo nimeieleza kwa sauti kubwa zaidi.

Tatizo ni kinyozi wa mlango wa pili, yule tunayemwita Hapana. Ukimwambia kuna jua anasema hapana, ni mwanga. Amesema kusomea kompyuta miaka yote hiyo ni kupoteza wakati, maana hata yeye anajua kuizima na kuiwasha. Saa hiyo hiyo akaingia mama wa duka la kuchapisha analalamika kwamba kompyuta yake imeganda tangu asubuhi, kile kiduara kinazunguka tu, hajui kama kazi itakwisha asubiri au haitakwisha azime. Basi nikasimama. Nikatangaza kwamba mpwa wangu akija likizo ya Juni atatengeneza programu ya kukagua programu nyingine yoyote, iwe ya nani, na kusema mapema: hii itamaliza, hii itazunguka milele. Hapana akasema hapana. Nikamwambia asubiri Juni.

Wewe niambie tu utahitaji meza ya ukubwa gani.

Mjomba wako


Tarehe 1 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini hamjambo nyote na kazi inakwenda. Mimi kifua kimepona. Barua hii usiisome dukani, nakuomba sana.

Nimefeli somo moja. Linaitwa Nadharia ya Ukokotoaji. Ni somo linalouliza kompyuta inaweza nini, na nini haiwezi kabisa hata ukiipa nguvu zote na muda wote. Nimepewa mtihani wa marudio mwishoni mwa Aprili, ubaoni, kwa mdomo, mbele ya wahadhiri wawili. Nikifeli tena naondolewa kwenye shahada. Mama hajui. Nikimwambia ataacha kulala, ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Na Mjomba, katika vitu vyote ambavyo ungeweza kumwahidi yule mama wa kuchapisha, umechagua kile kile kilichonifelisha. Programu ya kusema kama programu yoyote itamaliza au itazunguka milele haiwezekani. Si kwamba haijapatikana. Imethibitishwa kwamba haitapatikana. Uthibitisho wenyewe niliukariri neno kwa neno, mhadhiri akageuza swali kidogo tu, nikabaki na maneno mdomoni kama mtu aliyetumwa ujumbe asioujua. Nikiusoma tena, kichwa kinaganda kama kompyuta ya yule mama.

Tafadhali ifute ile ahadi.

Mpwa wako


Tarehe 10 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba sana. Tunaendelea vizuri, na wewe kaza moyo. Barua yako nimeisomea chooni, mlango nimefunga, kwa hiyo siri yako iko salama.

Kufeli si ugonjwa. Mimi shuleni nilifeli kwa kiwango ambacho mwalimu mkuu alikuja nyumbani kuhakikisha kama nipo kweli. Leo nani anakaa juu ya nani? Yeye anakaa juu ya kochi langu.

Ila hilo neno haiwezekani silikubali. Halijawahi kuuzwa dukani kwangu. Aliwahi kuja meneja wa benki anataka kochi liwe gumu kwa wageni na laini kwake mwenyewe, kochi hilo hilo moja. Nikamtengenezea. Mpaka leo wageni wake hawamalizi kikombe cha chai.

Nimewaza hivi. Mtu yeyote akivuka kizingiti tu, mimi najua kama atakaa au atasimama. Naangalia magoti. Sasa kama mjomba anaweza kwa watu, mpwa atashindwaje kwa programu, ambazo hata magoti hazina? Nimemwambia Hapana hivyo, bila kutaja mtihani wako. Unajua alivyojibu. Basi Jumamosi tunapambana mbele ya watu: mimi nitabiri, yeye akae au asimame. Nitakuandikia matokeo, ingawa nayajua.

Mjomba wako


Tarehe 2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

U mzima kweli? Jumamosi imepita, na nyingine, na nyingine, na hujaandika. Nimempigia mama simu, anasema huumwi popote ila umenyamaza dukani, na mke wako ameogopa mpaka anataka kukuitia daktari.

Mimi nimeambiwa naweza kuhamia stashahada bila kufanya ule mtihani. Nitamaliza mapema, nitapata kazi ya kurekebisha kompyuta za maofisini. Si vibaya. Jibu linatakiwa wiki ijayo. Kila nikishika chaki kujizoesha najiona nimesimama mbele yao, nimewapa mgongo, ubao mtupu. Nadhani nitahama, Mjomba. Niambie tu kwamba ni sawa.

Mpwa wako


Tarehe 6 Aprili

Mpwa wangu,

Si sawa. Usihame. Nimeanza na hilo lisije likapotea katikati ya maneno yangu, maana najijua.

Sasa salamu. Hujambo? Sisi wazima. Daktari alikuja kweli, akanikuta sina hata homa, akaondoka ameagiza viti viwili.

Kuhusu Jumamosi ile nitakueleza ilivyokuwa, na ukisikia tofauti kwa mama yako ujue yeye alikaa nyuma. Watu walijaa mpaka wengine wakakalia fremu ambazo hazijatiwa sponji. Kochi jipya la kijani nililiweka katikati. Hapana akaja akasimama mbele yake, akasema ana sharti moja: nitabiri kwa sauti, yeye asikie, ndipo afanye. Nikamwona amejichimbia shimo. Nikamtazama magoti. Yalikuwa hoi, amenyoa watu tangu alfajiri. Nikasema atakaa. Akabaki wima. Haya, nikasema atasimama. Akakaa, tena akakunja nne. Watu wakaanza kucheka. Nikasema sasa naandika kwenye karatasi. Akasema sawa, ila aione kwanza. Nikaandika atakaa, akaisoma, akasimama. Nikajaribu kumchanganya, nikasema atakaa halafu atasimama. Akalala.

Nikamwambia huo si mchezo wa haki. Jibu lake limenikwama kooni wiki zote hizi: "Ulisema mtu yeyote. Mimi ni mtu. Na mimi nina kanuni moja tu, ukisema nitafanya hiki, nafanya kile."

Ndiyo maana nilinyamaza. Nilikuwa natafuta mahali nilipokosea. Nimetafuta nikipiga misumari, nimetafuta nikila, mke wangu ananiita simsikii. Na nimegundua kwamba sikukosea popote. Hata angekuja mtabiri mkubwa kuliko mimi, kama yupo, Hapana angemfanyia vile vile, maana anangoja jibu lake ndipo aligeuze. Si kwamba mimi sijui. Hakuna wa kujua. Nimeliandika neno hilo kwa mkono wangu mwenyewe na mkono bado haujanisamehe.

Mimi nimechekwa na mtaa mzima, na asubuhi yake nikafungua duka kabla ya wote. Wewe unaogopa watu wawili. Nenda ukasimame mbele yao.

Mjomba wako


Tarehe 13 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Hamjambo? Barua yako nilianza kuisoma nimesimama kwenye korido ya maktaba, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Sikuhama.

Hapana ndiye uthibitisho. Sikiliza. Tuseme ipo ile programu uliyoahidi, tuiite Mtabiri, na haikosei kamwe. Mimi naandika programu nyingine, naiita Hapana. Kazi yake ni moja: inamuuliza Mtabiri, mimi nitamaliza au nitazunguka milele? Akiiambia itamaliza, inazunguka milele. Akiiambia itazunguka, inamaliza hapo hapo. Kwa hiyo Mtabiri amekosea, na sisi tulisema hakosei. Basi hayupo. Miezi yote hiyo niliyakariri maneno hayo bila kumwona mtu ndani yake, sasa namwona kinyozi amekunja nne.

Nilimpelekea hoja hiyo mhadhiri wangu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Hakucheka. Akasema kinyozi ana ubishi wake moyoni, programu haina moyo, je, itawezaje kuuliza habari zake yenyewe? Nikatembea na swali hilo siku nzima. Jibu ni kwamba programu ni maandishi, na maandishi unaweza kumkabidhi yeyote ayasome, hata programu hiyo hiyo. Nilipolipata nilipiga meza, msimamizi wa maktaba akanitoa nje.

Ila ukiwaeleza watu jambo moja usilipotoshe. Haimaanishi kwamba hatuwezi kujua lolote. Programu moja moja unaweza kuichunguza ukajua kabisa kwamba itafika mwisho. Kisichowezekana ni njia moja ya kuzijua zote.

Mtihani ni tarehe 25.

Mpwa wako


Tarehe 20 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na hongera kwa kufukuzwa maktaba. Huku wote wazima. Nimemwambia Hapana kwamba sasa anafundishwa chuo kikuu. Alifungua mdomo kukataa, akagundua ni sifa, akakwama katikati. Siku hizi ananyoa amevaa tai.

Kuna jambo zito. Mama yako anajua. Si mimi niliyemwambia, au ni mimi lakini si kwa kupenda. Nilikuwa nawasomea wateja ule uthibitisho, utamu ukanizidi, nikapitiliza mpaka kwenye tarehe ya mtihani, na yeye yuko mlangoni ameleta mto wa kushonwa. Akaingia, akakaa kwenye lile kochi la kijani, akauliza mtihani gani huo wa mwezi wa nne. Nikaanza kumpa habari za meneja wa benki.

Akasema, "Kaka, acha."

Nikaacha. Nikamweleza yote, kufeli, marudio, kuondolewa. Alikuwa anabonyeza ule mto mapajani kama anakanda unga. Nilipomaliza akauliza, "Atafaulu?"

Mpwa wangu, kila mtu alinigeukia mimi. Mimi niliyetabiri nikaumbuka hapo hapo, mbele ya watu hao hao. Ningeweza kusema hakuna wa kujua, na ushahidi ninao. Lakini uliniandikia kwamba mmoja mmoja unaweza kumjua. Wewe nakujua. Nakujua tangu ulipoifungua redio yangu ungali mdogo, ukaifunga, skrubu zikabaki mkononi mwako na redio ikaendelea kusoma habari. Nikasema, "Atafaulu." Hapana akafungua mdomo. Mama yako akamtazama. Akaufunga.

Anasema siku hiyo ule ushibe na usivae viatu vinavyobana.

Mjomba wako


Tarehe 5 Mei

Shikamoo Mjomba, na shikamoo Mama, maana najua mnaisoma pamoja. Hamjambo wote mlioko dukani?

Nimefaulu.

Waligeuza swali kama nilivyoogopa. Mhadhiri wa pili, ambaye sikuwahi kumwona, aliniuliza kama inawezekana kuwa na programu ya kukagua programu yoyote na kusema kama ipo siku itaandika neno samahani. Niligeukia ubao na kwa muda ulikuwa mtupu kweli. Kisha nikaanza kuchora. Nikasema kama ingekuwepo, mimi ningechukua programu yoyote, nikaizuia isiandike kitu kabisa, halafu mwisho wake nikaongeza iandike samahani. Basi kuuliza kama itaandika samahani ni kuuliza kama itafika mwisho, na hilo kwa zote hakuna wa kujua. Akauliza kwa nini haiwezekani kujua. Nikamwambia habari za kinyozi, kisha nikamwandikia ile programu yenye maandishi yanayojisoma, bila kinyozi. Yule mama wa miwani ya kamba alikuwa anatazama dirishani, lakini alikuwa anatabasamu.

Muhula ujao nina Usalama wa Mifumo, Akili Bandia na Mradi wa Mwisho. Mjomba, kuhusu Akili Bandia usimwahidi mtu yeyote kitu mpaka nije.

Mpwa wako, na mwanao, Mama


Tarehe 11 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Tumeipokea barua, tumeisoma, tukarudia. Mama yako ndiye aliyesoma kwa sauti, mimi nilikuwa na misumari mdomoni. Alipofika kwenye lile neno moja aliikunja barua, akaenda kusimama nje kidogo. Aliporudi akaanza kuisoma upya kutoka kwenye shikamoo. Hakuna aliyemwambia alishasoma hapo.

Akili Bandia sijaahidi kitu. Labda kitu kidogo.

Yule mama wa kuchapisha amekuja tena jana, kiduara kinazunguka, anauliza ile programu yake iko wapi. Duka limejaa. Nikaweka nyundo chini nikamwambia haiwezekani. Akacheka kwa uchungu, akasema neno hilo ameambiwa na mafundi wote waliowahi kuigusa ile kompyuta.

Nikamwambia, "Hao wanasema haiwezekani kwa sababu hawajui. Sisi tunasema kwa sababu tunajua."

Akafikiri. Kisha akaniuliza kwa upole kama huyo mpwa wangu akija anaweza kupita dukani kwake, hata kwa dakika chache tu. Nikamwambia una masomo mengi, ajipange kwenye foleni.

Mjomba wako