Sehemu ya Baba kwenye Diski

Jalila,

Samaki nimemtia chumvi, mkaange kabla ya adhuhuri. Kompyuta usiiwashe, tafadhali. Chochote kipya kikiandikwa humo kitafunika cha zamani.

Asubuhi nilitaka iende mbio. Diski ilikuwa imegawanywa mara mbili: sehemu ya kwanza imejaa pomoni, ya pili nikadhani imekaa bure. Nikaifuta, nikaiunganisha na ya kwanza. Kumbe ndimo zilimokuwa dua alizorekodi marehemu Baba, zile Mama anazosikiliza kila Ijumaa. Sikufungua kutazama. Haraka zangu, wallahi.

Nimekwenda Magogoni kumleta fundi Musyoka. Kwa simu alisema huenda zikarudi, lakini hakuahidi.

Mama akirudi, ~~mwambie umeme umepotea~~ la, usimdanganye. Mwambie anisubiri, nitamwambia kwa kinywa changu.

Wakumbuka kompyuta ilivyokuwa ikichelewa kuwaka Ijumaa? Sisi twafyonya, Mama acheka: “Mwacheni babenu avae kanzu, yuwaja.”

Nimeijaribu mara moja tu kabla ya kuizima. Sasa inawaka upesi, Mama hatawahi hata kuketi.

Kakako,
Sharif