Rafu za Mama Editha

Mazwi,
Sumbawanga

Dada yangu Tumpe,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na kifua cha Lusajo kiwe kimepona. Mama anaendeleaje? Swali hilo usilijibu haraka haraka kama tunavyojibizana kwenye simu. Soma kwanza mpaka mwisho.

Najua utashangaa. Mtu ana simu mfukoni halafu anakaa kuandika barua kama enzi za baba. Lakini kila nikipiga unaweka spika ili mama naye asikie, na haya sikutaka ayasikie. Nitampa barua jirani yangu hapa Mazwi, anakuja huko Tukuyu kumwona mkwe wake.

Mwili wangu mzima, ila situlii. Hii wiki ya tatu. Asubuhi napanda baiskeli kwenda kazini Malangali, upepo wa huku unakata masikio, nafika, napima ubao, nauweka chini, naupima tena. Juzi nimekata rafu mbili zikawa fupi kuliko ukuta, mimi ambaye marehemu baba alikuwa akinisifia jicho. Chakula nakula nimesimama. Nikikaa, miguu inataka kwenda stendi. Mama mwenye chumba nilichopanga ameniuliza kama kuna mtu ananidai. Nikamwambia hakuna, ni kazi tu. Nilimdanganya.

Kazi yenyewe ni ya mwalimu mmoja mstaafu, anaitwa Mwalimu Deogratias. Amemaliza nyumba yake Malangali, akataka nimtengenezee makabati ya kujengea ukutani, jikoni, sebuleni na chumbani, kutoka sakafuni mpaka dari, kwa mbao za mninga, milango yote ya vioo. Alinionyesha picha kwenye simu yake mpaka ikaisha chaji.

"Fundi," aliniambia, "mke wangu ameishi nyumba za shule maisha yake yote. Vyombo kwenye maboksi, nguo kwenye masanduku, leo tuko huku, kesho uhamisho. Safari hii nataka asimame mlangoni avione vitu vyake vyote vimepangwa."

Mkewe ni Mama Editha, mtu wa Ilemba kule bondeni, mpole lakini si wa kuchezea. Kila saa nne alikuwa ananiletea uji wa ulezi. Nilimwona anapapasa ukingo wa meza kwanza kwa mgongo wa mkono, ndipo anaweka kikombe. Akimimina, kidole kimoja kinakaa ndani ya kikombe mpaka uji ukiguse. Nikadhani ni mazoea tu ya mtu. Kisha siku moja niliacha mlango wa kabati wazi, akaja moja kwa moja akaupiga kwa uso. Alichanika juu ya nyusi. Nilipokimbia na kitambaa alisema, "Usimwambie Mwalimu. Mwambie nimejikwaa uani."

Haukupita muda Mwalimu akashuka Ilemba kusimamia uvunaji wa mahindi yao. Kesho yake Mama Editha akaja jikoni nilikokuwa napiga randa ya umeme, akavuta stuli.

"Zima hiyo mashine, fundi. Kaa."

Nikakaa.

"Rafu zako za juu sitazitumia. Na hivyo vioo ni vya Mwalimu, si vyangu. Mimi macho yanaondoka."

Akanieleza. Alikuwa amekwenda Mbeya kwa binti yake Editha, nyumbani akaaga kwamba anakwenda kumsalimia mjukuu, kumbe walikwenda hospitali. Wakamwambia ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi, inakula pembeni kidogo kidogo mtu asijue. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone inalinda kile kilichobaki tu. Daktari alimwuliza, mama, mbona umechelewa hivi?

"Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba," alisema. "Wewe nakuona pua. Masikio nasadiki tu kwamba unayo."

Nikamwuliza kwa nini hamwambii mumewe. Akasema kulikuwa na mama mmoja kwenye shule alikokuwa akifundisha Mwalimu zamani, alipofuka. "Walimpenda sana yule mama. Walimpenda mpaka wakamkalisha kitini. Hashiki sufuria, haendi jumuiya, hata maharage hachambui, wanamwambia pumzika. Mwalimu ananipenda namna hiyo hiyo. Nataka jiko likae mkononi mwangu kwanza. Nikishalizoea, nitamwambia mwenyewe. Nisaidie."

Dada, nilijua nakosea. Mwenye nyumba amesema vioo, nami nimekubali. Lakini nilimpima yule mama mkono ulipofika akiwa amesimama wima, nikaishusha rafu ya juu mpaka hapo. Milango ya bawaba nikaitoa yote, nikaweka ya mbao, ya kusukuma pembeni, ili pasiwe na kitu cha kumpiga usoni tena. Kila rafu nikaipa ukingo mdogo kwa mbele chombo kisiteleze. Chini ya ukingo nikachonga alama kwa patasi, mahali ambapo kidole kinaangukia chenyewe: mkato mmoja sukari, miwili chumvi, mitatu unga wa ulezi, na mafuta ya taa nikayapa boksi lake peke yake, mbali kabisa, lenye msalaba. Alikuwa anasimama nyuma yangu anajaribu. "Huu siusikii, ongeza." "Huu umenikwaruza, upige msasa." Siku aliyochukua chumvi bila kukosea mara tano mfululizo alicheka peke yake kama msichana. Sijapata kufanya kazi tamu kama ile.

Mwalimu akarudi kabla hatujamaliza. Nilisikia pikipiki inasimama, nikasikia viatu, akaingia jikoni na vumbi lake la safari. Akatazama. Akafungua, akafunga, akafungua.

"Vioo viko wapi?"

Nikasema tumebadilisha kidogo.

"Tumebadilisha na nani? Na hii mikato? Umekosea ukaona unifiche? Hili ni kabati la bwenini! Ng'oa. Ng'oa lote, nitatafuta fundi anayejua kusoma picha."

Nilichukua bisibisi. Siri haikuwa yangu. Nilikuwa nimefungua skrubu ya pili Mama Editha alipotokea mlangoni.

"Mwache fundi, Mwalimu."

"Nimwache? Kwani wewe unaliona zuri hili?"

"Silioni."

"Umesikia, fundi? Hata mwenye jiko halioni zuri!"

"Sijasema silioni zuri," mama yule akasema, taratibu sana. "Nimesema silioni."

Wakaongea Kifipa, yeye na mumewe, na mimi Kifipa changu ni cha sokoni tu, lakini nilisikia neno Mbeya na jina la Editha. Mwalimu akakaa juu ya mbao zangu. Mtu mzima yule, kofia bado kichwani. Baadaye akanigeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua, Mwalimu."

"Mgeni wa mwezi mmoja anajua mke wangu haoni. Mimi ninayelala naye sijui." Akasema niondoke, nami nikaondoka, vifaa nikaviacha.

Siku mbili sikwenda kokote. Nilizunguka Mazwi kama mtu aliyepoteza ng'ombe. Siku ya tatu asubuhi Mwalimu akanijia mwenyewe. Hakukaa. Alisema alifumba macho akajaribu kutembea nyumba nzima, jikoni akapita vizuri, bafuni nusura avunjike shingo. "Bafuni umesahau, fundi. Weka rafu ndefu ukutani, nene, ya kushikia." Halafu akasema, akitazama barabarani, "Amenikataza kumkalisha kitini. Nimekubali. Sijui kama nitaweza."

Kwa hiyo nimerudi kazini, na wao wanaelewana, wakati mwingine wanagombana, namsikia mama anasema acha, nimekuambia acha, nitabeba mwenyewe. Lakini mimi ndiyo kwanza utulivu umeniishia.

Maana ule uji, Dada. Kidole ndani ya kikombe. Pasaka nilipokuja, mama alitumiminia chai vile vile, nami nikamtania kwamba anaionja kwa kidole, tukacheka wote, na yeye akacheka. Akalaumu taa ya sebuleni kuwa hafifu; shemeji akabadilisha balbu, akaendelea kulaumu. Akagonga bega kwenye fremu ya mlango ule ule anaopita tangu mimi sijazaliwa. Na stendi siku ya kuondoka alinishika kola akauliza, "Umevaa lile shati la bluu?" Lilikuwa jeupe. Nikasema ndiyo mama, kwa sababu konda alikuwa anatuita.

Mimi ninayejisifu kupima. Nimesimama mbele ya mama yangu nisione kitu.

Labda nakosea. Naomba Mungu nikosee. Lakini usinisubiri. Mpeleke hospitali wiki hii hii, na waambie wazi wapime presha ya macho, wasiishie kumpa miwani. Na wewe upimwe, na mimi nitapimwa hapa, maana wanasema inatembea katika ukoo. Mimi nikimaliza bafu la Mwalimu nakuja, na randa yangu.

Nilipoanza barua hii nilitaka uisome peke yako. Nimeisoma upya, nimeona nataka kumfanyia mama lile lile la yule mama wa shuleni, tunaamua wawili yeye amekaa pembeni. Hapana. Msomee. Msomee yote, hata pale nilipocheka. Macho ni yake.

Nisalimie shemeji, mwambie balbu haikuwa na kosa. Nisalimie mjomba wa mgombani na mkewe, na shangazi anayeuza chai pale mnadani, na Lusajo mwambie asivue sweta. Mama mpe shikamoo yangu kabla ya kuanza kusoma.

Ukishamsomea, nipigie, halafu simu mpe yeye. Uondoe spika.

Mdogo wako asiyekaa,

Ambakisye